Enzi za "Winning" Babati: Namba Mpya Ikiingia, Ubingwa Unaanza Upya

Waliokulia Babati miaka ya 2000 wanalijua banda la gemu: TV ya chogo, benchi la mbao, pedi mbili za waya na foleni mpaka mlangoni. Ukifungwa, unaachia pedi. Hakuna kubembeleza.

Konami waliliita Winning Eleven. Mtaani ilitosha kusema "Winning". Japani lilitoka kila mwaka: namba 5 mwaka 2001, namba 6 mwaka 2002, zikafuatana hivyo hadi namba 10 mwaka 2006. Huo mwaka 2002 ndio Manyara ilimegwa kutoka Arusha, Babati ikawa makao makuu ya mkoa. Mji na gemu vikakua pamoja.

CD zilichelewa kufika, na nyingi zilikuwa kopi. Wajuaji wakasema: "Gemu ni lilelile, wamebadilisha jezi tu." Hawakukosea sana. Ila hayo mabadiliko madogo ndiyo yalikuwa utamu wenyewe. Mwaka 2006 ukichukua Inter una Adriano, na shuti lake la kushoto likitoka, kipa anageuka tu kuokota. Namba mpya ikiingia, bingwa wa mtaa anajifunza upya kama wengine. Dogo aliyezoea kupigwa sita bila naye anapata nafasi yake.

GTA nayo ilikuwa hivyohivyo: namba III mwaka 2001, Vice City 2002, San Andreas 2004. Halafu namba V ikatoka 2013, na watu wakasubiri inayofuata zaidi ya miaka kumi!

Mwaka 2021 Konami wakaleta eFootball: ya bure, inasasishwa kwa intaneti. Picha kali, hilo halina ubishi. Lakini sasisho likiingia, gemu la jana ndiyo basi tena. Na dogo wa leo anacheza peke yake kwenye simu. Bando likikata, mechi imeisha.

CD ya zamani haimsubiri mtu aisasishe. Baba aliyekuwa bingwa wa banda akiipata PS2 nzima, anaweza kuiweka ileile Winning, akampa mwanae pedi na kumwonyesha Adriano alikuwa nani. Huyo mtoto, akija kuwa baba, ataonyesha nini?

Wewe ulianzia namba ngapi?