Kwenda Kuhesabiwa

Kila Desemba, mabasi ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi yanapojaa, utani ni ule ule: Wachaga wanakwenda kuhesabiwa. Watani wenyewe hawajui walivyo karibu na historia. Kirua Vunjo, kama kwingine kwenye Mlima Kilimanjaro, mtu kuwa mbali hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kuacha fungu lake la kazi bila mtu wa kulishika. Nadhani desturi ya kurudi mlimani imekulia hapo, na anayeiona kuwa mapenzi ya nyumbani tu, au majigambo tu, ameruka sehemu yake yenye uzito.

Tuanze na maji. Mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, huyachota juu kwenye korongo na kuyatembeza taratibu ubavuni mwa mlima, ukipita kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya migomba na kahawa, vya watu wengi. Mfereji wa udongo haujitunzi: masika hubomoa kingo, mawe na majani huziba mdomo. Kwa hiyo wenye mfongo walikuwa na siku zao za kazi, na zamu ya kumwagilia ilitegemea kuonekana siku hizo. Charles Dundas, ofisa Mwingereza aliyechapisha kitabu kuhusu Kilimanjaro na watu wake mwaka 1924, ni mmoja wa wageni walioisifu mifereji hiyo. Sifa zao nyingi ziliangukia ufundi wa kuchimba. Mimi naona ufundi mkubwa zaidi ulikuwa wa kuhesabu watu. Asiyetokea alitozwa, mara nyingi mbege (pombe ya ndizi) au mbuzi, na mkaidi alinyimwa maji. Lakini kazi ilidaiwa nyumba, si mwili wa mtu fulani. Kijana au ndugu aliyeshika jembe aliiwakilisha nyumba nzima, na aliyekosa aliweza kulipa akarudi kundini. Hakuna aliyetakiwa kuonekana kila siku. Kilichotakiwa ni kuonekana siku zinazojulikana, na mbele ya watu watakaokumbuka.

Utaratibu huo ulipata mzigo mpya watu walipoanza kuondoka. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, shule za misheni zikatoa walimu na makarani, na kahawa, iliyosimamiwa na chama cha ushirika cha KNCU kuanzia 1933, ikaleta fedha za ada. Kihamba nacho hakikuongezeka. Kwa mila, mtoto wa kiume wa kwanza na wa mwisho ndio waliotazamiwa zaidi katika urithi wa ardhi, na wa kati wengi wakatafuta riziki mjini. Sally Falk Moore, katika utafiti wake wa sheria za kimila za Kilimanjaro uliochapishwa mwaka 1986, alionyesha jinsi haki ya ardhi ilivyofungamana na ukoo na majirani. Karani wa Tanga au Mombasa alilijua hilo bila kusoma kitabu. Alijenga nyumba kihambani hata kama angelala humo wiki mbili kwa mwaka, alichangia misiba, na alijua atazikwa kwenye migomba hiyo. Hata sheria ya nchi ina harufu ya jambo hili: anayeacha ardhi yake mikononi mwa mwingine kwa miaka 12 bila kuidai anaweza kufungiwa mlango wa mahakama.

Pingamizi zito linatoka kwa mke wa karani huyo. Ni yeye aliyebaki, akakata majani ya ng'ombe, akachuma kahawa, akapeleka ndizi sokoni. Ikiwa kuonekana ndiko kulikotoa haki, angetangulia wote. Badala yake, tamko la sheria za kimila la mwaka 1963 liliwaweka hata binti zake daraja la mwisho katika urithi. Pingamizi hili silikwepi. Kuhesabiwa kulilinda nafasi ambayo mtu alikuwa ameshapewa. Hakukumpa nafasi aliyenyimwa. Jasho la mke liliandikwa kwa jina la mume, na hiyo ndiyo sababu mume aliweza kuwa mbali kwa raha.

Wengine watasema Krismasi ya leo ni maonyesho ya magari na ndafu. Yapo, na yanachosha. Lakini gari halimalizi shauri la mpaka. Kikao cha ukoo ndicho hulimaliza, na kikao hicho hupangwa Desemba kwa kuwa ndipo wengi hupatikana.

Nikiwatazama wafanyakazi wa siku hizi wanaofanyia kazi nyumbani, hasa tangu korona ya 2020, wakituma ujumbe usiku ili bosi ajue wako macho, naona ofisi zao zimekosa kile wenye mfongo walichokuwa nacho: siku za kuonekana zilizokubaliwa, mwakilishi anayekubalika, na faini yenye kikomo. Penye pengo hilo mtu hulazimika kujionyesha wakati wote. Mlimani kwenyewe utaratibu unabadilika. Maji ya bomba hulipiwa kwa simu, hati ya hakimiliki ya kimila hutolewa chini ya sheria ya ardhi ya vijiji ya 1999, na michango ya msiba hutangazwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, jina kwa jina, kiasi kwa kiasi. Aliyeko Muscat na aliyeko Himo wanaisoma orodha moja, na shemeji mwenye kuitunza ana madaraka ambayo wazee wa mfongo wangeyatambua mara moja.