Nani Mwenye Kauli ya Kung'oa Nanga?

Chombo kidogo kinapojiandaa kuvuka bahari kuu, watu huulizia mbao, tanga na maji ya kunywa. Mimi huuliza nani mwenye kauli ya kusema "leo hatuondoki".

Katika pwani ya Waswahili kauli hiyo ilikuwa ya msimu. Jahazi lililopakia boriti za mikoko Lamu kwenda Ghuba lilingoja upepo wa kusi, nao ukichacha katikati ya mwaka, safari ndefu zilisimama. Vyombo vilipwelewa ufukweni vikapigwa kalafati na kupakwa deheni. Tarehe hazikufuata mwezi mwandamo, kwa kuwa miezi ya Kiislamu huzunguka misimu yote na haimwambii baharia lini upepo utageuka. Ndiyo maana Ahmad ibn Majid wa Julfar, bingwa wa bahari wa karne ya 15, alihesabu siku za kuondoka kuanzia Nairuzi, siku ya kwanza ya mwaka wa jua, na mabaharia wetu nao walikuwa na mwaka wa jua uliogawanywa kwa makumi ya siku. Aliyechelewa alikaa ugenini miezi. Hasara ilikuwepo, lakini aibu haikuwepo: nahodha aliyekaa bandarini alikaa pamoja na wenzake wote.

Kati ya Hawaii na Tahiti upepo haugeuki namna hiyo, kwa hiyo siku ya kuondoka humtegemea zaidi anayesoma anga. Mwaka 1976 msomaji huyo alikuwa Mau Piailug wa Satawal, kisiwa kidogo cha Mikronesia. Alikuwa akitazama rangi ya mawingu jua linapochomoza na linapotua, na kwa hayo akaijua hali ya siku inayofuata. Tarehe 1 Mei mtumbwi pacha Hōkūleʻa ulitoka Maui, yeye akiuongoza bila dira. Tarehe 4 Juni ulikuwa Papeete, na maelfu ya watu wamejaa pwani.

Umati huohuo, nadhani, ndio mtihani. Tarehe 16 Machi 1978 Hōkūleʻa uliondoka tena Honolulu, safari hii Mau hayupo. Sherehe ilishaandaliwa, watu wamekuja kuaga, shehena ya chakula imelemea, na nje upepo ni mkali. Safari ya kwanza ilisindikizwa na chombo kingine, hii haikusindikizwa. Saa chache baadaye, usiku, mtumbwi mmoja wa ile pacha ulijaa maji, chombo kikapinduka. Asubuhi Eddie Aikau, mwokoaji wa pwani aliyesifika kwa kuteleza mawimbini, alichukua ubao wake akaenda kutafuta msaada. Wenzake waliokolewa jioni ile. Yeye hakuonekana tena.

Joshua Slocum, baharia aliyesafiri peke yake, hakuwa na umati wa kumsukuma. Alitoka Boston tarehe 24 Aprili 1895 katika Spray, mashua ya mita 11 hivi aliyoijenga upya kwa mikono yake, lakini hakuingia Atlantiki moja kwa moja. Alipitia Gloucester, akaenda Nova Scotia, na Julai ndipo akaiacha nchi kavu. Alipofika Gibraltar akaonywa juu ya maharamia wa Mediterania, akageuza njia nzima ya kuizunguka dunia. Alimaliza mwaka 1898. Uhuru huo unavutia, ila una upande wa pili: Novemba 1909, akiwa na miaka 65, alitweka tena peke yake, akapotea yeye na Spray.

Wahawaii walijifunza kutokana na ajali ya 1978. Mau alirudi kumfundisha mmoja wao, Nainoa Thompson, na mwaka 1980 Hōkūleʻa ulikwenda Tahiti na kurudi ukiwa na chombo cha kuusindikiza. Kwangu hiyo ndiyo safari bora kuliko zote nilizozitaja, hata ile ya 1976 yenye sifa. Na ukialikwa kupanda chombo chochote cha tanga, muulize kwanza nahodha ni lini mara ya mwisho aliahirisha safari wageni wakiwa wameshafika.