Mtawala na Maiti Yake: Kuzika na Kutozika katika The Walking Dead

Wanaoichambua tamthilia ya The Walking Dead wamezoea kuisoma kisiasa. Serikali ya Marekani imeanguka, sheria haina mwenyewe, na waliosalia wamerudi katika ile vita ya kila mtu na mwenzake ambayo Thomas Hobbes aliiogopa katika karne ya 17. Usomaji huu una hoja. Rick Grimes, askari wa ofisi ya sherifu katika mji mdogo wa jimbo la Georgia, anatoka hospitalini akiwa bado na imani ya mtu wa sheria, na kufikia msimu wa tano anawaambia wenzake kwamba wao ndio wafu watembeao. Hata hivyo, usomaji huo unawageuza wafu kuwa hali ya hewa: wapo, wanasumbua, watu wanajikinga nao, kisha mazungumzo ya maana yanarudi kwa walio hai. Nimeifuata tamthilia hii kwa mapenzi, hata katika miaka ambayo haikuyastahili, na naona kinachoiendesha ni swali lililoitangulia dola: maiti hii ni ya nani, na nani ana wajibu wa kuilaza? Nadai kwamba viongozi wake wengi, wema kwa wabaya, wanapambanuliwa na kile walichoifanyia maiti ya kwanza iliyokuwa yao.

Kanuni ya ulimwengu huu ni nyepesi, ila ilicheleweshwa kutajwa. Tangu kituo cha AMC kilipoanza kuionyesha tarehe 31 Oktoba 2010, watazamaji waliamini kwamba ugonjwa huletwa na kuumwa. Mwishoni mwa msimu wa pili Rick anafichua alichonong'onezwa na mtafiti wa ugonjwa huo, Dakta Jenner: wote wameshaambukizwa. Anayekufa kwa risasi, kwa homa au kwa uzazi ataamka, isipokuwa ubongo wake uharibiwe. Mashabiki tulibishana sana juu ya virusi, na heri tungebishana juu ya mazishi, maana kanuni hii inakifanya kila kifo kuwa nusu ya kifo. Nusu ya pili haina budi kutendwa na mkono wa mwingine, na mara nyingi mkono huo ni wa ndugu, kwa kuwa ndugu ndiye anayekesha kando ya mgonjwa. Yale ambayo dini na mila nyingi zimeyaweka mikononi mwa jamaa, kufumba macho, kuosha, kuvisha sanda, hapa yamebanwa katika tendo moja la kutisha, kisu au risasi ya kichwa. Ni ukatili, na ndiyo huduma ya mwisho.

Sehemu ya kwanza, iliyoandikwa na kuongozwa na Frank Darabont, inaliweka jambo hili mezani bila kuchelewa. Rick anarudi bustanini kumtafuta mwanamke aliyekatika kiwiliwili, anayejikokota majanini, anamwomba radhi kwa yaliyompata, kisha anampiga risasi. Wakati huohuo Morgan Jones yuko dirishani ghorofani na bunduki yenye darubini, akimlenga mkewe Jenny ambaye kila usiku huja kukitikisa kitasa cha mlango. Hawezi. Anashusha bunduki, anainua tena, analia. Mgeni amemtendea mgeni kile ambacho mume ameshindwa kumtendea mke, na picha zinapishana ili mtazamaji asikose kuona. Katika sehemu ya pili Rick na mwenzake Glenn wanahitaji kujipaka matumbo ya maiti ili wapite katikati ya kundi huko Atlanta. Kabla ya kuipasua, Rick anatoa pochi ya yule mfu na kusoma kitambulisho: anaitwa Wayne Dunlap, alizaliwa 1979, alikuwa na dola 28 mfukoni na picha ya msichana mrembo. Kisha shoka linashuka. Sijui tamthilia nyingine ya aina hii iliyosimama kumtaja mfu jina kabla ya kumtumia.

Nasema kumtumia kwa makusudi, maana ukoo wa hadithi hizi unaanzia kwenye matumizi. Zombi wa Haiti, kama anavyosimuliwa huko, ni mtu aliyetolewa kaburini na mchawi ili afanye kazi bila ujira. Wamarekani walimjua zaidi wakati majeshi yao yalipoitawala nchi hiyo, kuanzia 1915 hadi 1934, hasa kwa kitabu cha William Seabrook cha 1929 chenye kisa cha wafu wakikata miwa. Filamu ya White Zombie ya 1932 bado inampa zombi bwana wake, mwenye kinu cha sukari anayeigizwa na Bela Lugosi. Msomaji wa Tanzania hahitaji kuelezwa sana, kwa kuwa amekua akisikia habari za misukule: aliyeliliwa yuko shambani kwa mtu, analima usiku, na kilichoteremshwa kaburini ni mgomba. Katika simulizi zote hizi mfu ni mwathirika. Ameibwa, na mwizi anajulikana au anashukiwa.

George Romero alimwondoa bwana huyo mwaka 1968. Katika Night of the Living Dead wafu hawamtumikii yeyote, na ndipo uhusiano mmoja tu unapobaki, ule wa maiti na jamaa zake. Filamu inaanzia makaburini, kaka na dada wakipeleka shada kwenye kaburi la baba yao. Katikati, mtaalamu anatangaza kwenye televisheni kwamba wafiwa waachane na mazishi na wachome miili mara moja. Mwishoni Ben, mtu mweusi aliyepigania uhai wa wenzake usiku kucha, anapigwa risasi na msako wa wazungu wanaomdhania mfu, anaburutwa kwa kulabu na kutupwa kwenye lundo la kuni pamoja na wale aliokuwa akipambana nao. Hakuna aliyetazama pochi yake. Ukiijua picha hiyo, kisa cha Wayne Dunlap kinasomeka kama jibu lililochelewa miaka 42.

Katika sehemu ya tano ya msimu wa kwanza, baada ya kambi kuvamiwa, Glenn anawakemea wenzake wanaoiburuta miili yote kwenye moto mmoja: watu wao hawachomwi, watu wao huzikwa. Msimu unaofuata Andrea, mwingine wa kundi lao, anaitamka kanuni hiyo kwa ukavu zaidi, kwamba wale tunaowapenda tunawazika na waliobaki tunawachoma. Huu ndio utaratibu wa kwanza wa kijamii kuundwa baada ya maafa, kabla ya uchaguzi, kabla ya mahakama, kabla hata ya kugawana zamu za ulinzi kwa haki. Una gharama pia. Kuchimba kaburi katika udongo mwekundu wa Georgia, mchana wa jua kali, kwa watu wasioshiba, huku kelele za majembe zikiweza kuita kundi, si uamuzi wa mtu anayepiga hesabu ya kuishi peke yake.

Udongo huo una historia. Sidai kwamba waandishi walikuwa nayo akilini, lakini jimbo hilohilo ndilo lililokuwa na kambi ya wafungwa wa kivita ya Andersonville, ambako kati ya 1864 na 1865 walikufa karibu wanajeshi 13,000 wa Kaskazini. Mfungwa mmoja, Dorence Atwater, alipewa kazi ya kuandika orodha ya waliokufa, akatengeneza nakala ya siri kwa kuhofia kwamba daftari rasmi lingepotezwa. Kiangazi cha 1865 yeye na Clara Barton walirudi na msafara wa kuweka vibao vya majina, na makaburi yaliyobaki bila jina hayakufika 500. Taifa lililotoka kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe lilianza kujishona upya, kwa sehemu, kwa kuhesabu maiti na kuzitaja. Rick akisoma kitambulisho cha mfu kwenye lami ya Atlanta anaingia katika desturi hiyo, ajue asijue.

Sasa tuwatazame viongozi. Hershel Greene, daktari wa mifugo, anawafungia wafu ghalani na kuwalisha kuku, akiamini ni wagonjwa. Humo yumo mkewe Annette. Ghala linapofunguliwa katika msimu wa pili, na Sophia, mtoto waliyemtafuta kwa wiki nzima, anapotoka wa mwisho, Hershel anavunjika. Lakini anamzika mkewe, na kuanzia hapo ndiye dhamiri ya kundi. Misimu miwili baadaye, homa inapoua watu katika gereza wanalojihifadhi, anawatenga waliokufa mbali na macho ya wagonjwa na kuwafunika shuka kabla ya kutumia kisu. Mtu aliyekuwa hawezi kukubali kifo amekuwa ndiye mtunzaji wa heshima yake. Nikitakiwa kuchagua mhusika mmoja wa kuitetea tamthilia nzima, nitamtaja yeye.

Weka kando yake yule anayeitwa Gavana, mtawala wa Woodbury. Binti yake Penny ameamka, naye anamficha chumbani, anamchana nywele, anamwimbia. Tendo ni lilelile la Hershel, isipokuwa Hershel aliamini wafu ni watu, ilhali Gavana anaamini mfu wake peke yake ndiye mtu. Ukutani pa chumba hichohicho ana matangi ya vioo yenye vichwa vya wafu wa wengine, anavyovitazama jioni kama samaki wa mapambo. Mji wake wenye nyasi zilizokatwa vizuri na sherehe za mtaani umejengwa juu ya maiti moja isiyozikwa, na mpiganaji aitwaye Michonne anapoichoma upanga, vita inakuwa haizuiliki.

Morgan hakuwa mtawala, lakini msimu wa tatu unatuonyesha bei ya kuishusha ile bunduki. Jenny, ambaye hakupigwa risasi, ndiye aliyemuuma mtoto wao Duane. Kwa upande mwingine Carol, mama yake Sophia, anakataa kuhudhuria maziko yake kwa hoja kwamba mwanawe alikufa siku nyingi na kilichotoka ghalani hakikuwa yeye. Wengi walimwona mgumu wa moyo. Mimi naona ndiye aliyekuwa ameshamaliza kuzika.

Pingamizi zipo, na moja haina jibu kamili: Shane, rafiki wa Rick. Anapotea bila maiti yoyote ya kumsumbua, kwa wivu na woga tu. Nyingine inanitia shaka zaidi. Wenyeji wa kimbilio liitwalo Terminus wana chumba cha mishumaa chenye majina ya wafu wao sakafuni, kumbukumbu nzito kuliko yoyote aliyoijenga Rick, na katika majengo hayohayo wanachinja wageni na kuwala. Ni kanuni ya Andrea iliyofikishwa mwisho wake. Aliye wetu ana jina na mshumaa, asiye wetu ni nyama. Kwa hiyo maziko hayathibitishi wema wa mtu. Yanachora mpaka wa jamii, na tamthilia inafanya kazi yake vizuri pale inapouliza mpaka huo unasogezwa na nani, kama Rick alivyousogeza kwa Wayne Dunlap.

Hapo ndipo ninapolieleza anguko la tamthilia hii. Mwaka 2014 sehemu ya kwanza ya msimu wa tano ilitazamwa na watu zaidi ya milioni 17 nchini Marekani. Sehemu ya mwisho, tarehe 20 Novemba 2022, haikufika milioni 3. Wachambuzi hutaja ukatili wa Negan aliyemwua Glenn kwa rungu mnamo Oktoba 2016, na wengine hutaja mabadiliko ya namna watu wanavyotazama televisheni. Mimi naanzia mwaka mmoja nyuma. Mnamo 2015 watayarishaji walituonyesha Glenn akianguka katikati ya wafu, wakaondoa jina la mwigizaji Steven Yeun kwenye orodha ya mwanzo, wakatuacha tuomboleze kwa majuma kadhaa, kisha akatoka mzima chini ya jalala. Tulilishwa matanga ya uongo. Alipokufa kweli, machozi yalikuwa yametumika.

Hata hivyo waandishi hawakuacha kuisikia hoja. Msimu wa saba unaishia kwa Sasha, mmoja wa wenzake Rick, akisafirishwa hai ndani ya jeneza kama zawadi ya vitisho; anameza sumu humo ndani, na kifuniko kinapofunguliwa anamrukia Negan akiwa mfu. Msimu wa tisa unaleta Wanong'onezi, wanaovaa ngozi za nyuso za wafu, na baadaye tunajua kwamba Beta, kamanda wao, amejifunika uso wa rafiki yake mwenyewe. Gavana alimficha mfu wake chumbani. Beta amekwenda mbali zaidi, akamvaa.

Negan mwenyewe tulielezwa mwishoni. Sehemu ya Aprili 2021 inarudi kwa mkewe Lucille, mgonjwa wa saratani, aliyejiua na kumwachia ujumbe wa kumwomba asimwache katika hali ile. Negan hawezi. Anaichoma nyumba mkewe akiwa ndani, na rungu analiita kwa jina lake: amembeba kwa miaka mingi, akiua naye. Sehemu hiyo ilitayarishwa wakati wa janga la korona, ambapo nchi nyingi, Kenya ikiwemo, zilikuwa zimeweka kikomo cha idadi ya watu mazishini, na wengi walikuwa wamewaaga wapendwa wao kwa simu. Kwangu ndiyo sehemu bora ya miaka ya mwisho. Iliwekwa kama nyongeza, baada ya vita kuu ya msimu wa 10 kwisha, wakati wengi waliomlilia Glenn walikuwa wameshahama.