Kabla ya Seng'enge: Nilichojifunza Nikichunga Watoto Kitengela

Wasee wengi mmeniuliza Agosti yote nilipotelea wapi. Nilikuwa Kitengela, nachunga watoto. Sio utani. Nilipata kazi kwa kambi ya likizo iliyo ndani ya shamba, ile ambayo wazazi wa Nairobi wanaleta watoto wa miaka 7 hadi 12 wavae gambuti, wakamue ng'ombe, waokote mayai na wajue kwamba maziwa hayazaliwi kwa pakiti. Mimi nilikuwa "Anko". Kazi ya Anko ni kuimba asubuhi, kufunga kamba za viatu, kuamua nani alimsukuma nani, na zaidi ya yote, kuhesabu. Watoto 32. Kabla ya chai, baada ya chai, kabla ya mbuzi, baada ya mbuzi.

Siku ya tatu nikahesabu 31.

Hebu niwaambie, moyo ulishuka mpaka kwa magoti. Nilikimbia zizi, jikoni, choo, kisima (kisima nilikichungulia nikitetemeka). Dakika kumi hivi. Nikampata kijana wa miaka 8 mwisho kabisa wa shamba, amesimama kando ya mzee anayechunga mbuzi wa hapo, wote wawili wametulia kama wanangoja matatu. Nikataka kumkaripia, lakini yeye ndiye aliyeniwahi na swali: "Anko, mbona mbuzi hawaendi upande ule? Huko ndiko kuna nyasi."

Nikamwambia kwa sababu kuna seng'enge, na huko ni kwa mtu mwingine.

"Na kabla ya huyo mtu?"

Nikamwangalia mzee. Mzee akacheka tu. Mimi na diploma yangu sikuwa na jibu. Kwa hivyo jioni, watoto wakilala, nilianza kusoma, na hii posti ndiyo jibu ninalomdai yule kijana.

Anza 1904. Serikali ya Waingereza ilifanya mkataba na viongozi wa Wamaasai, Olonana (yule wa Lenana) akiwa mbele. Wamaasai waliondolewa malisho yao ya Bonde la Ufa, pande za Naivasha na Nakuru, ili walowezi wapate mashamba. Walipewa maeneo mawili: Laikipia kaskazini, na kusini, ambako Kajiado ya leo ni sehemu yake. Waliahidiwa kwamba hayo yatabaki yao maadamu Wamaasai wapo duniani. Ahadi hiyo ilidumu miaka saba. 1911 ukaja mkataba wa pili, wa Laikipia wakaambiwa nao wahamie kusini. Wamaasai walienda kortini, na 1913 kesi ikatupwa: mahakama ilisema mikataba ile ni kama ya nchi mbili, kwa hivyo korti haiwezi kuiamua. Yaani Wamaasai walikuwa taifa la kigeni siku ya kudai haki, na raia wa kutawaliwa siku nyingine zote.

1946 ikaja Mbuga ya Taifa ya Nairobi, ya kwanza nchini. Mbuga ilipata mipaka, lakini wanyama hawasomi mipaka. Upande wa kusini, ng'ambo ya mto Mbagathi, haukuzibwa, na mvua ikinyesha nyumbu na pundamilia walitoka wakaingia tambarare za Kitengela, wakala nyasi pamoja na ng'ombe wa watu.

Baada ya uhuru, sheria ya 1968 ilileta ranchi za pamoja: familia nyingi, hati moja. Lakini kufikia mwisho wa miaka ya 1980 ranchi ya Kitengela iligawanywa, kila mwanachama akapata kipande chake. Na tuwe wakweli, wengi walitaka hivyo. Hati yenye jina lako haiwezi kuuzwa na kamati usiku. Inaweza pia kukupa mkopo, au karo ya mtoto. Miaka ya 1990 viwanda vya EPZ vikafunguliwa hapo Athi River, wafanyakazi wakahitaji nyumba, na nyumba zikahitaji ploti. Kipande kikawa ekari tano, ekari tano zikawa ploti za hamsini kwa mia. Sensa ya 2019 ilikuta mji wa Kitengela una watu zaidi ya 150,000. Kila ploti na seng'enge yake.

Kuna jambo moja la hii hadithi ambalo shuleni sikuwahi kusikia. Tangu 2000 kulikuwa na mpango wa kuwalipa wenye ardhi wa Kitengela kwa kila ekari wasiyozungushia ua wala kuikata ploti, ili wanyama na mifugo wapite. Malipo yalipangwa yafike wakati wa kufungua shule, kwa sababu waanzilishi walijua mahali ardhi inapouzwa: kwa ofisi ya karo.

Sasa rudi kwa yule kijana. Kwa Wamaasai, mtoto wa umri wake hakuwa anakuja shamba kwa likizo. Alikuwa kazini tayari. Unaanza na ndama na vitoto vya mbuzi karibu na boma, kwenye nyasi zilizotengwa zinazoitwa olopololi. Ukiaminika unapewa mbuzi na kondoo, halafu ng'ombe, mbali zaidi. Wasichana wanakamua na kujua maziwa ya kila ng'ombe. Unajifunza rangi, pembe, ukoo wa kila mnyama. Ndiyo maana mchungaji hahitaji kuhesabu. Anaangalia kundi na anajua nani hayupo.

Sitaki kuifanya iwe tamu kupita kiasi. Kuna watoto waliokosa shule kwa sababu ya kuchunga, kuna simba, kuna kiu. Na ukame uliomalizika 2023 uliua mifugo wengi sana Kajiado. Hakuna aliyelipa ada ya kushuhudia hiyo.

Kambi zetu nazo zina historia. Kule Marekani, ile inayotajwa kuwa ya kwanza ilifanyika 1861, mwalimu mmoja wa Connecticut alipotoa wanafunzi wake nje wakalale kwenye mahema. Miji ilipozidi kukua, wazazi wakaogopa kwamba watoto wanakua bila kujua udongo, na kambi zikaongezeka. Hapa kwetu, hukuhuku Kajiado, Outward Bound ilifungua shule yake Loitokitok mwanzoni mwa miaka ya 1950, chini ya Kilimanjaro. Na vilabu vya 4K vilivyofundisha kilimo shuleni vilirudishwa 2021. Mambo ni yaleyale: mji ukimeza nyasi, tunaanza kulipa ili watoto wazione.

Mimi sisemi kambi zifungwe. Watoto walifurahi, na mimi nililipwa, nikalipa rent. Ninachosema ni kwamba tunawafunza kukamua ng'ombe kana kwamba shamba lilianguka kutoka mbinguni likiwa na geti tayari. Mtoto wa Nairobi anaweza kumaliza wiki nzima Kitengela, akajua sungura anakula nini, asijue ardhi aliyolala juu yake ilikuwa ya nani. Kesho atakuwa mtu mzima, atanunua ploti hapo, na atashangaa kwa nini jirani anachungia ng'ombe kando ya Barabara ya Namanga.

Siku ya mwisho niliomba ruhusa tubadilishe ratiba kidogo. Tuliwapeleka wote 32 hadi kwa seng'enge, nikawasimulia hii hadithi kwa lugha ya watoto, bila mahakama nyingi. Halafu mzee akawaambia wafunge macho, akamficha mbuzi mmoja nyuma ya tangi la maji, akawaambia wafungue. Nani hayupo?

Waliangalia, wakabishana. Mwishowe yule kijana wa 31 akasema, "Yule mweupe wa sikio moja jeusi."

Alikuwa sahihi. Na mimi, baada ya wiki nzima, bado nilikuwa nahesabu kwa vidole.