Wasiwasi: Neno na Historia Yake

Lugha ni ghala la utamaduni, na baadhi ya maneno tuyatumiayo kila siku yamehifadhi elimu ambayo wengi wetu tumeisahau. Neno moja la namna hiyo ni wasiwasi. Twalitumia kwa kila jambo la kutia shaka: mzazi ana wasiwasi mtoto akichelewa, mwanafunzi ana wasiwasi mtihani ukikaribia. Lakini asili ya neno hili ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni mnong'ono. Wataalamu wa kale walilitumia pia kwa maradhi mahususi, yaani fikira inayomrudia mtu asiyeitaka, ikamganda miezi na miaka, isimwachie nafasi ya kazi wala ya usingizi.

Mmoja wa wataalamu hao ni Abu Zayd al-Balkhi, aliyezaliwa yapata mwaka 850 karibu na Balkh, katika nchi ambayo leo ni Afghanistan, akafariki mwaka 934. Katika kitabu chake juu ya afya ya mwili na nafsi, alitenga ghadhabu, hofu, huzuni na wasiwasi, kila moja na tiba yake. Mwenye wasiwasi alimshauri asikae peke yake, kwa kuwa upweke huipa fikira nguvu. Atafute watu, ajishughulishe na kazi. Tena siku za uzima ajiwekee akiba ya mawazo ya kumtuliza, kama mtu awekavyo dawa nyumbani kabla ya kuugua.

Ibn Qudama, mwanachuoni wa Dameski aliyefariki mwaka 1223, aliandika risala juu ya watu wasiomaliza kutawadha, kwa kushuku daima kuwa kiungo hakijatakata. Kanuni ya mafakihi ilikuwa fupi: yakini haiondolewi na shaka. Aliyekwisha nawa amenawa. Na aendelee na sala yake. Miaka mia saba na zaidi ilipita, na mwaka 1966 Victor Meyer, mtaalamu wa saikolojia mjini London, akaeleza jinsi wagonjwa wawili walivyopata nafuu kwa kuzuiwa wasirudie vitendo vyao, ingawa mwanzoni hofu iliwasumbua. Njia hiyo imekuwa msingi wa tiba hata leo.

Wakati mwingine wasiwasi wa muda mrefu huja na mwenziwe: mtu hujiona mgeni ndani ya nafsi yake, na ulimwengu humwonekea kama uko nyuma ya pazia. Hali hiyo Mfaransa Ludovic Dugas aliipa jina la kitaalamu mwaka 1898, akitumia maneno ya shajara ya Amiel, mwandishi wa Geneva. Kwa hiyo ajionaye kuwa peke yake duniani katika dhiki hiyo ana wenziwe wengi waliomtangulia.

Tumeyaeleza haya kwa sababu vijana wengi huugua kimya. Huogopa kuambiwa wamerogwa, au wana wazimu, au imani yao ni haba. Hatuna budi kuwafahamisha kwamba wazo si tendo. Anayetishwa na wazo baya lililomjia bila hiari aonyesha kwamba moyo wake walichukia. Mwalimu akimwona mwanafunzi anayefuta na kuandika upya mstari ule ule mpaka kengele ikalia, asiharakishe kumwita mvivu. Amwite faraghani, amsikilize, kisha amwelekeze kwa mganga wa hospitali. Wala asimhakikishie jambo moja mara mia, kwani shaka hula hakikisho na kuomba jingine.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Wasiwasi nao ni mnong'ono, na mnongʼono hupungua nguvu usemwapo kwa sauti mbele ya mtu mwema. Elimu hii imo katika neno letu wenyewe. Yatupasa kuirudisha madarasani na majumbani, ili anayeteseka ajue pa kuanzia.