Jiko Moja, Sanduku Moja: Nyumba za Akraba wa Kihindi Mjini Mombasa

Kila inapovunjwa nyumba ya zamani katika Mji wa Kale wa Mombasa, pakasimamishwa mahali pake jengo la vyumba vya kupangisha, kilio kinachosikika ni cha roshani: nakshi za mbao zimeng'olewa, na kanuni za kuuhifadhi mtaa, zilizokuwapo tangu miaka ya 1990, hazikufuatwa. Kilio hicho ni cha haki, walakin kina upungufu, kwa sababu nyuma ya roshani nyingi za Ndia Kuu na vichochoro vyake palikuwa na kitu kikubwa kuliko mbao, nacho ni utaratibu wa kuishi pamoja baba, wanawe wa kiume, wake zao na wajukuu, duka chini na malazi juu, jamaa ambayo wanasheria wa Bara Hindi waliieleza kuwa ni moja katika chakula, katika ibada na katika mali.

Asili ya watu hawa inajulikana. Pepo za kaskazi ziliwaleta kutoka Kachi na Kathiawar tangu enzi na dahari. Zama za Seyyid Said ushuru wa forodha za pwani ulikodishwa kwa nyumba ya Kibanyani ya Jairam Shivji. Na reli, iliyoanza kujengwa hapa Mombasa mwaka 1896, ilileta vibarua zaidi ya 30,000, ambao wengi wao walirejea kwao na nafasi yao ikajazwa na wenye maduka.

Katika masimulizi ya familia za Kihindi za Kenya, ambayo Cynthia Salvadori aliyakusanya katika kitabu chake *We Came in Dhows* cha mwaka 1996, biashara na udugu havitengeki, na hilo si ajabu. Kijana huletwa na ami yake, hula na kulala katika nyumba ya ami, hufanya kazi dukani bila ya mshahara wa kutajika, na akisha kujua mizani na daftari hupewa bidhaa kwa mkopo akafungue duka bara. Huo ndio uliokuwa msingi wa Allidina Visram, mzaliwa wa Kera katika Kachi, aliyevuka bahari angali mtoto mwaka 1863, akaanzia Bagamoyo, akaja kuwa na matawi zaidi ya 30 baina ya pwani na Uganda. Alipofariki mwaka 1916 biashara ile haikudumu sana baada yake, na jina lake Mombasa likabaki katika shule ya sekondari iliyojengwa na mwanawe Abdulrasul kwa ukumbusho wa babake.

Raha za nyumba hizo hazikuwa ndogo. Yatima hakujua kuwa ni yatima, mjane alikula pale pale alipokula mumewe, harusi ya binti wa ndugu maskini iligharimiwa na sanduku la wote, na mfanyabiashara ambaye benki isingemtazama mara mbili alipata rasilimali kwa kakake bila ya rahani. Fauka ya hayo, serikali ya kikoloni ilipowatengea wazungu ardhi ya nyanda za juu, Mhindi hakuachiwa mengi ghairi ya duka, na duka lilitaka mikono mingi isiyolipwa.

Taabu za nyumba hizo zilianzia jikoni. Mavyaa, funguo za ghala zikining'inia kiunoni, ndiye aliyepima unga na samli kila asubuhi, na mkaza mwana aliyeingia juzi ndiye aliyeketi mbele ya tawa akisukuma chapati za watu ishirini, akila wa mwisho, asimwite mumewe kwa jina mbele ya wakubwa. Jirani yake wa Kiswahili alimwonea huruma, kwani katika nyumba kubwa za Waswahili ada ilikuwa kinyume: binti ndiye aliyepewa nyumba na babake, na mume ndiye aliyehamia. Huko dukani nako, mwenye bidii na mvivu walichota katika sanduku moja, na ndugu waliochoshana walijulikana mtaani siku ile nyumba moja ilipofuka moshi wa majiko mawili.

Lakini ikhtilafu kubwa zaidi ilikuwa ya mirathi, na inafaa tuitazame kwa kituo. Mabanyani hawakuwa na shaka: kwa sheria yao mtoto wa kiume ana haki katika mali ya mababu tangu kuzaliwa kwake, na binti ana matunzo na gharama za arusi. Je, Makhoja na Mamemon, ambao ni Waislamu, na ambao Kurani imempa binti wao nusu ya fungu la ndugu yake? Mwaka 1847 wanawake wa jamaa hizo walisimama mbele ya Jaji Erskine Perry huko Bombay wakidai mafungu yao kwa mujibu wa faraidhi. Wanaume walijibu kwamba wazee wao walisilimu wakabaki na desturi za Kihindi katika mali, na jaji, baada ya kusikiliza mashahidi, akawapa ushindi wanaume, akisema kwamba desturi ya kumnyima mwanamke urithi haikuwa jambo geni kwa sheria ya Kiingereza yenyewe. Hivyo hakimu Mkristo aliwahukumia Waislamu kwa ada ya Mabanyani. Mimi sioni hukumu iliyolinda sanduku la pamoja kuliko hiyo, wala iliyoonyesha wazi zaidi kwamba umoja ule uliosifiwa ulinunuliwa kwa fungu la binti. Bara Hindi ilichukua hadi miaka ya 1930 kuwarejesha Makhoja na Mamemon kwenye faraidhi, na hadi mwaka 2005 kumpa binti wa Kihindu haki sawa na kaka yake katika mali ya mababu. Kwa binti wa Kihindu Kenya ilitangulia, kwani Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika mwaka 1981 haikubagua mtoto wa kike na wa kiume, na Waislamu walipotolewa humo mwaka 1990 walirudi kwa kadhi.

Kilichozivunja nyumba zenyewe ni siasa. Sheria za mwaka 1967 za uhamiaji na leseni za biashara ziliwabana wasio raia, na mwaka uliofuata Uingereza ikafunga mlango, ikabakiza vibali vichache vya kila mwaka kwa mkuu wa familia, mkewe na watoto wao wadogo. Jamaa ya ndugu wanne ikawa familia nne, kila moja na foleni yake. Waasia wa Kenya walikuwa 176,613 katika hesabu ya mwaka 1962. Ya mwaka 1979 iliwakuta 78,600.

Waliobaki wengi wamehamia Nyali na Kizingo, katika nyumba za mume, mke na watoto wao. Lakini madaftari ya jalada jekundu, yaliyofunguliwa na kuombewa kila Diwali, bado yamo katika makabati na masanduku ya baadhi yao, yakiliwa na mchwa. Nawasihi wenye nayo wayapeleke Makumbusho ya Fort Jesus, na wenye kutoa ruhusa ya kuvunja nyumba wahakikishe kwanza kwamba vyumba vyake vimechorwa, na majina ya waliolala humo, wanawake wakiwamo, yameandikwa.