Bao la kujifunza

Bao la kujifunza ni namna nyepesi ya bao la Kiswahili, mchezo wa mashimo 32 na kete 64 unaochezwa Zanzibar na pwani ya Afrika Mashariki. Katika bao kamili kila mchezaji huanza na kete 6 kwenye shimo maalumu liitwalo nyumba, 2 katika kila shimo kati ya mawili yanayofuata, na 22 mkononi, ambazo huingia mchezoni mojamoja katika hatua ya namu. Zikiisha, huanza hatua ya mtaji, ambapo huchezwa kete zilizo ubaoni tu. Mwanafunzi huondolewa namu nzima: kila shimo huwekewa kete 2 na mtaji huanza papo hapo.

Hapo ndipo ustadi wa kurahisisha huku ulipo. Kula, kusambaza kutoka kichwani (shimo la mwisho la safu ya mbele), mkono unaoendelea hadi kete ya mwisho ikute shimo tupu, yote hubaki. Kinachopungua ni maamuzi, hasa lile gumu la nyumba: kulala, yaani kuishia hapo, au kuivunja na kusafiri, yaani kuendelea kusambaza.

Huenda ikasemwa kwamba mwanafunzi hukosa moyo wa mchezo. Ni kweli kwamba namu ina mbinu nyingi zaidi, lakini mtaji aliojifunza ndio atakaoukuta baadaye, bila kanuni ya kusahau. Njia nyingine, ya kumpunguzia mchezaji mmoja kete, ingewapa wachezaji wawili michezo tofauti. Hapa wote huanza sawa. Hata mbali na pwani, kama Zombe, Kitui Mashariki nchini Kenya, mashimo yakichimbwa ardhini na kokoto 64 zikiokotwa, somo la kwanza linaweza kuanza.